King'amuzi kimoja, TV 14, waya wa dishi: chumba namba 9 kinagoma. Tatizo ni nini?

#1 Baba Vyumba
Wakuu, habari za jioni. Niende kwenye mada.

Nina lodge ndogo hapa Morogoro, vyumba 14, majengo mawili. La mbele lina chumba cha 1 hadi 7, la nyuma 8 hadi 14. Zamani tulikuwa tunagawa picha kwa ile njia ya wazee: waya unatoka kwenye tundu la antena nyuma ya king'amuzi, unapita busta, unaenda vyumbani. Kwa TV za chogo ilitosha. Nilipoweka flati za inchi 43 ikawa aibu. Mpira ukiangalia, mchezaji unamtambua kwa mwendo wake, namba mgongoni husomi.

Fundi akanishauri modyuleta ya HDMI. Picha inatoka king'amuzi kwa HDMI, inaingia modyuleta, inatoka kwenye waya ule ule wa RG6 uliokuwa ukutani, TV zinasachi zinaikuta kama chaneli ya kawaida. Imewekwa chaneli 30. Mpangilio wenyewe: modyuleta, kisha busta, kisha spilita (kigawanya mawimbi) ya njia 2, kisha kila jengo lina spilita ya njia 8. Kutoka mapokezi hadi vyumba vya nyuma ni kama mita 40.

Picha ni HD kweli, sina ubishi. Shida ni chumba namba 9. Mchana kinaonyesha vizuri. Kuanzia saa 1 jioni hivi kinaganda, picha inapasuka vipande vipande, halafu inaandika hakuna mawimbi. Cha 14 ndicho cha mwisho kabisa, waya wake mrefu kuliko vyote, na hakijawahi kutikisika. Fundi alirudi akabadilisha konekta, usiku yakawa yale yale. Sasa simu yangu hapokei.

Mnasemaje?

#2 Kisiki Mkavu
Ngoja waje. Nimekaa siti ya mbele.

#3 Fundi Mwinyi
Mkuu, adui yako ni busta.

Piga hesabu. Modyuleta nyingi za aina hiyo zinatoa karibu dBµV 90 (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Spilita ya njia 2 inakula kama desibeli 4. Ya njia 8 inakula 11 hadi 12. Mita 40 za RG6 kwenye masafa ya UHF zinakula kama 6 au 7. 90 toa 23 unabaki na 67. TV inaridhika na 45 hadi 70 hivi. Sasa hapo busta la nini? Fundi wako kalikuta limefungwa tangu enzi za chogo akaliacha. Mawimbi yakizidi tyuna ya TV (kipokea mawimbi chake) inalewa, na ikilewa inafanya kama haina mawimbi kabisa. Toa busta, unganisha moja kwa moja, leta majibu.

#4 Mjomba Chenga
Fundi Mwinyi unamwagia mtu desibeli kabla hujauliza waya ni waya gani. Baba Vyumba, chukua sumaku, kata kipande cha waya, gusisha ule uti wa katikati. Ukinasa, hiyo si shaba, ni chuma kimepakwa shaba. Kariakoo zimejaa. Ukiambiwa RG6 amini nusu. Hapo ndipo chumba cha 9 kinapokufa.

#5 Dada Desibeli
Mjomba Chenga, nusu sawa, nusu hapana.

Kwenye masafa ya 500 MHz mawimbi hayapiti ndani ya uti, yanapita juu juu kwenye ngozi yake, kina cha mikroni 3 tu. Kwa hiyo uti wa chuma uliopakwa shaba unabeba picha karibu sawa na wa shaba tupu. Chuma kinaumiza pale unapopeleka umeme kwenye waya huo huo: kulisha LNB, kile kichwa cha dishi, volti 13 au 18, au kulisha busta la juu ya paa. Hapo ndipo umbali unakula volti.

Ubovu wa waya rahisi uko kwenye nyavu. Ukichuna ganda ukakuta nyuzi za kuhesabu na foili inayopasuka ukiipumulia, huo waya ni antena. Unapokea kila uchafu wa mtaani.

#6 Mjomba Chenga
Dada, nimevuta waya tangu TV zikiwa na milango ya mbao. Chuma ni chuma.

#7 Ngosha wa Igoma
Hoja ya busta ina shimo. Kama mawimbi yamezidi, mbona vyumba 13 vinaona? Cha 8 ni jirani wa 9, spilita ileile, urefu wa waya unakaribiana. Kilewe cha 9 peke yake?

Mimi naangalia saa. Saa 1 jioni watu wanawasha kila kitu, umeme unashuka. Adapta ya busta ikikosa volti za kutosha busta linatoa takataka. Kwangu Mwanza jioni taa zinakuwa rangi ya chai. Weka stebilaiza hapo mapokezi.

#8 Fundi Mwinyi
Ngosha umesema vizuri ila umejijibu mwenyewe. Busta likitoa takataka vyumba vyote vinapata takataka. Mbona 13 vinaona?

#9 Kisiki Mkavu
Hahaha, kombora limerudi lilikotoka.

#10 Mkuu wa Kibanda
Nina kibanda umiza Temeke, TV 6 kwa mfumo huu huu, naongea nikiwa ndani ya jambo.

Kwanza, Baba Vyumba, umebahatika modyuleta kukubali king'amuzi chako. Mimi niliponunua ya kwanza skrini zote zilikuwa nyeusi. Ving'amuzi vya kulipia vinafunga HDMI kwa kufuli la HDCP, modyuleta iliyotengenezwa kwa kufuata taratibu ikikuta kufuli hairekodi wala haitangazi. Watu wanauza visplita vya HDMI vya kuondoa hilo kufuli, kila mtu anajua.

Pili, jiandae na kuchelewa. Modyuleta inakandamiza picha upya kabla ya kuitangaza, inachelewa kati ya nusu sekunde na zaidi ya sekunde. TV yangu kubwa niliichomeka moja kwa moja kwenye king'amuzi, zile 5 zikawa kwenye modyuleta. Siku ya Simba na Yanga, walio upande wa TV kubwa wananyanyuka goooli, wenzao wanawaangalia wao badala ya skrini. Jamaa mmoja akadai kiingilio chake, eti kalipia mpira wa leo anaonyeshwa wa jana.

#11 Mama Ntilie wa Tandika
Mkuu wa Kibanda nakumbuka siku hiyo 😂 mimi nilikuwa upande wa jana.

#12 Mwanasheria Mtaa
Niongeze dogo. Kifurushi cha nyumbani si cha lodge wala kibanda. Kampuni zina vifurushi vya biashara, vya hoteli na baa, na mkataba uliousaini unasema hivyo. Na huko kuondoa kufuli ndiko kunakogeuza kesi ya ada kuwa kesi nyingine. Sisemi zaidi.

#13 Mkuu wa Kibanda
Mwanasheria asante, tumekusikia, kaa chini.

#14 Mzee Transista
Wajukuu, mnabishana vizuri lakini hakuna aliyemuuliza mwenye lodge swali la kwanza ambalo fundi huuliza: ukibadilisha TV inakuwaje? Chukua TV ya 9 ipeleke 14, ya 14 ilete 9. Ugonjwa ukifuata TV, ni TV. Ukibaki chumbani, ni waya au mazingira. Halafu uangalie kwenye menyu ya TV kama kuna kitu kinaitwa umeme wa antena, volti 5. TV nyingi za T2, hizi za dijitali ya antena, zinayo, kwa ajili ya antena zenye busta ndani. Mgeni akicheza na rimoti akaiwasha, TV inasukuma umeme kwenye spilita ambayo haijatengenezwa kuupitisha.

#15 Baba Vyumba
Shikamoo Mzee Transista. Wakuu wote asanteni. Nimefanya yafuatayo.

Nimebadilishana TV. Ya 9 imekwenda 14, inaonyesha kama kioo. Ya 14 imekuja 9, saa 1 na nusu ikaganda. Volti 5 zimezimwa kwenye TV zote.

Nimetoa busta kama alivyosema Fundi Mwinyi. Sasa shangaeni na mimi: 9 ikakaa vizuri hadi saa 3 usiku, halafu ikaanza kukwaruza kidogo. Ila chumba cha 12 ambacho hakikuwa na tatizo lolote kimeanza kuganda. Nimerudisha busta, 12 imepona, 9 imeugua.

Sumaku imenasa.

#16 Mjomba Chenga
SUMAKU IMENASA. Nasubiri msamaha.

#17 Dada Desibeli
Utasubiri sana mjomba. Hata 14 ni waya huo huo na inaonyesha.

#18 Fundi Mwinyi
Marahaba kwa vipimo. 9 imepata nafuu bila busta, maana yake ilikuwa inazidiwa. 12 imeumwa bila busta, maana yake waya wa 12 una mkato au konekta ya kukaza kwa mkono. Matatizo mawili, si moja. Rudisha busta ila weka kipunguza mawimbi cha desibeli 10 chumba cha 9 peke yake. Kinafungwa nyuma ya TV, kidogo kama kidole.

#19 Ngosha wa Igoma
Au busta lilikuwa linaficha ubovu wa 12, na bila busta adapta mbovu imetoka kwenye mstari, ndiyo maana 9 ikapumua. Mimi bado niko kwenye umeme.

#20 Bin Seif
Asalaam aleikum kutoka Muscat. Mimi nafunga mifumo ya majumba huku, niseme mawili.

Huku villa moja TV 10 au 12 ni kawaida, lakini hatugawi picha iliyokwisha kufunguliwa. Tunagawa mawimbi ya dishi yenyewe. Dishi juu, LNB yenye matundu manne, multiswichi ya kuyagawa, kisha kila chumba waya wake na risiva yake. Chaneli nyingi za Nilesat na Arabsat ni bure, kwa hiyo kila mtu na rimoti yake, hakuna cha mapokezi kuwachagulieni. Picha inabaki vilevile ilivyotoka kituoni, haikandamizwi mara ya pili. Kuna na Unicable, waya mmoja tu unapita risiva nyingi, zamani hadi 8, kiwango kipya hadi 32.

Ila kwa king'amuzi cha kulipia, kila risiva inataka kadi yake, hapo ndipo hesabu ya lodge inapokufa.

Kuhusu chumba cha 9: ndugu yangu, spilita ya nyuma ni ya njia 8 na una vyumba 7. Tundu la nane liko wazi?

#21 Baba Vyumba
Bin Seif, waaleikum salaam. Liko wazi ndiyo. Halina kitu.

#22 Bin Seif
Lifunge. Kuna kifuniko chenye rezista ya oma 75, bei ya soda. Tundu likiwa wazi mawimbi yanafika mwisho yanarudi, yanaingia kwa jirani.

#23 Dada Desibeli
Bin Seif amegusa kitu ambacho nilikuwa nakizunguka. Tundu wazi kwenye spilita nzuri halileti balaa kubwa kwa sababu matundu yametenganishwa ndani. Balaa ni kipande cha waya kilichoachwa wazi upande wa chumba.

Chaneli 30 ni 546 MHz. Wimbi lake hewani lina urefu wa kama sentimita 55, ndani ya waya wa foamu linafupika hadi 45. Robo yake ni 11. Sasa kama ndani ya boksi la ukutani kuna kipande cha waya cha sentimita 11 kimeungwa kwenye laini na ncha yake nyingine haina kitu, kwa chaneli 30 kipande hicho ni sawasawa na shoti. Mawimbi yanakufa pale pale. Chaneli nyingine zinaweza kupita bila shida.

Baba Vyumba, chumba cha 9 kiliwahi kuwa na tundu la pili la TV?

#24 Baba Vyumba
Dada wewe ni mganga. Chumba cha 9 kilikuwa cha familia, kilikuwa na TV mbili. Moja kitandani, nyingine dirishani. Tulipokarabati ile ya dirishani tukaiziba kwa plasta.

#25 Kisiki Mkavu
Uzi umefungwa. Mpeni dada maua yake.

#26 Mjomba Chenga
Haujafungwa. Hiyo robo ya wimbi ina saa ya mkononi? Mbona mchana inalala, saa 1 jioni inaamka?

#27 Dada Desibeli
Mjomba, swali zuri. Jibu langu ni kwamba mchana chumba kiko ukingoni mwa shimo, kimeshika kwa vidole. Dijitali haina chenga kama TV za zamani. Unaona safi, safi, safi, halafu huoni kitu. Kikiongezeka kijisababu kidogo jioni, kinadondoka. Kijisababu hicho ni nini, sijui bado.

Jaribio la bure: ingia kwenye menyu ya modyuleta, hamisha kutoka 30 kwenda 44, yaani 658 MHz. TV zote zisachi upya. Kama 9 ikipona moja kwa moja, ni kile kipande ukutani.

#28 Wa Toronto
Jamani kwa nini tunateseka na modyuleta? Huku Kanada nyumba zina waya wa koaksia kila chumba na watu wanapitisha intaneti humo humo kwa MoCA. MoCA 2.5 inabeba hadi gigabiti 2.5 kwa sekunde. Unaweka kisanduku kila TV, picha inakwenda kama faili, kila chumba kinachagua chake. Unaweza hata kutumia waya unaotoka kwenye dishi.

#29 Bin Seif
Wa Toronto, hapo mwisho simama. MoCA inafanya kazi kati ya 1125 na 1675 MHz. Mawimbi ya dishi kutoka LNB yanashuka kwenye waya kati ya 950 na 2150. Ukiyachanganya kwenye waya mmoja yanapigana. Kwa waya wa antena ya kawaida sawa, wa dishi hapana.

#30 Wa Toronto
Bin Seif hilo linategemea kifaa, ila sawa, tusiharibu uzi.

#31 Fundi Mwinyi
Na ukihesabu bei ya visanduku 14 vya MoCA, mwenye lodge atauza chumba cha 9 chenyewe.

#32 Mwana Unguja
Nyie wa bara msitwambie habari za TV. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1974 na ilianza na rangi. Nyie mlikuwa mnasikiliza redio hadi TVT, Televisheni ya Taifa, ilipokuja.

#33 Mzee Transista
Mwana Unguja, 1974 na rangi ni kweli, na tuliwaonea wivu. Lakini bara hatukuisubiri TVT. ITV ilianza 1994. Na tulipozima analojia Dar, tarehe 31 Desemba 2012, nilikuwa tayari nimestaafu mambo ya chenga.

#34 Mwana Unguja
Miaka 20 ya kuonea wivu si midogo, mzee wangu.

#35 Dogo wa Gongo la Mboto
Samahanini kuingilia. Ndugu yangu kaniletea modyuleta ya HDMI kutoka safarini, bei nafuu sana, TV yangu haioni kitu hata nikichomeka waya wa mita moja. Kwenye boksi imeandikwa ISDB-T. Nabadilisha mpangilio gani?

#36 Dada Desibeli
Dogo, hakuna mpangilio. ISDB-T ni kiwango cha TV dijitali cha Japani, Brazil na nchi kadhaa za Amerika Kusini. Kwa Afrika Botswana ndiyo walioanza kuichagua. TV za soko letu ni DVB-T na T2. Modyuleta ya DVB-T inasomwa na TV ya T2, lakini TV ya zamani yenye DVB-T pekee haisomi T2. Hiyo yako muuzie mtu wa Gaborone.

#37 Dogo wa Gongo la Mboto
Asante dada. Kuna mtu wa Gaborone humu?

#38 Baba Vyumba
Wakuu, majibu ya chaneli 44.

Chumba cha 9 jana kilikaa vizuri jioni yote. Saa 1, saa 2, saa 3, safi. Nilikuwa tayari naandika uzi wa shukrani. Saa 4 kasoro mapokezi wananipigia simu: chumba cha 5 kinaganda. Cha 5 kiko jengo la mbele, hakijawahi kuguswa na tatizo lolote. Na mvua ilikuwa inanyesha.

#39 Kisiki Mkavu
Jini limehama chumba.

#40 Ngosha wa Igoma
Mvua, umeme ukashuka. Nimesema.

#41 Mjomba Chenga
Mvua, maji yakaingia kwenye konekta ya nje. Waya kutoka mapokezi kwenda jengo la nyuma unapita hewani au chini?

#42 Fundi Mwinyi
Mjomba, cha 5 ni jengo la MBELE. Waya wa jengo la nyuma unaingiaje hapo?

#43 Mjomba Chenga
Spilita ni moja hapo mwanzoni. Maji hayana jengo.

#44 Mwanakijiji wa Mzumbe
Mimi niko huko huko Moro. Mmesahau kitu: chaneli za UHF si zenu peke yenu. Vituo vya hewani vinatumia masafa hayo hayo, 470 hadi 694 MHz. Kama chaneli 44 au jirani yake ina kituo kinachorushwa hapo mjini, na chumba cha 5 kina waya wa nyavu mbovu kama alivyosema dada, kituo kinaingia kwa dirisha kinapambana na modyuleta. Chumba cha 5 dirisha lake linaangalia wapi?

#45 Baba Vyumba
Mlima. Uluguru moja kwa moja.

#46 Mwanakijiji wa Mzumbe
Basi kabla hujachagua chaneli, chomoa modyuleta, weka antena ya kawaida kwenye TV moja, sachi, andika namba za chaneli zote unazozipata. Modyuleta iweke mbali na hizo. Kazi ya robo saa ambayo mafundi hawaifanyi.

#47 Bi Mkubwa wa Kisasa
Baba Vyumba swali la mwanamke mwenye nyumba ya wageni pia: nje ya chumba cha 9 kuna taa ya ulinzi? Zile za LED zinazowaka zenyewe giza likiingia? Kwangu Dodoma ile taa ikiwaka redio ya mlinzi inaunguruma. Tulihangaika kumlaumu mlinzi.

#48 Baba Vyumba
Bi Mkubwa... ipo. Imefungwa kwenye ukuta wa 9 kabisa. Inawaka saa 1 kasoro.

#49 Kisiki Mkavu
Mungu wangu.

#50 Ngosha wa Igoma
Hii ya taa naikubali kuliko ya robo ya wimbi. Kwa sababu INA SAA.

#51 Dada Desibeli
Hata mimi naipenda, kwa sababu haiondoi yangu. Kipande ukutani kinachimba shimo, taa inasukuma. Zima taa, rudi chaneli 30, tuone.

#52 Baba Vyumba
Nimefanya. Taa imezimwa, chaneli 30, busta lipo. Saa 1 hadi saa 2 safi. Saa 2 na dakika kadhaa ikaganda mara moja, ikarudi. Saa 3 ikaganda tena. Si kama zamani ya kupotea kabisa, lakini mgeni kalalamika. Na mlinzi naye kalalamika, anasema hawezi kulinda giza.

#53 Fundi Mwinyi
Kipunguza mawimbi cha desibeli 10 kimenunuliwa?

#54 Baba Vyumba
Bado, hapa mjini sijakipata.

#55 Fundi Mwinyi
Basi tunapiga ramli.

#56 Otieno wa Kisumu
Wadau, niulize tu. Modyuleta imewekwa QAM ngapi, yaani namna ya kupakia data kwenye mawimbi? Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa 64-QAM na video ya megabiti 18 au 20. Hiyo inataka mawimbi masafi sana. Weka 16-QAM, 3/4 (robo tatu data, robo ya kusahihisha makosa), inakupa hadi kama megabiti 18 jumla kwa chaneli ya 8 MHz, halafu video ishushe hadi 12. Kwa king'amuzi kimoja inatosha kabisa, na unapata nafuu ya karibu desibeli 5 kwa kila chumba bila kununua kitu. Mimi hivyo ndivyo nilivyonyamazisha hoteli moja huku.

#57 Mjomba Chenga
Otieno hiyo ni kumpa mgonjwa panado. Waya mbovu unabaki mbovu.

#58 Otieno wa Kisumu
Mzee, mgeni analipia kulala na kuona mpira, halipii waya. Mimi siku hizi nikienda site naanza na hiyo menyu kabla sijapanda ngazi.

#59 Mkuu wa Kibanda
Otieno, megabiti 12 kwenye mpira haitaleta vile viboksi kwenye nyasi? Modyuleta ya kwangu nikishusha sana, kamera ikikimbia uwanja unakuwa kama chandarua.

#60 Otieno wa Kisumu
Enkoda (kikandamiza picha ndani ya modyuleta) za bei rahisi ndiyo, zitaonyesha. Weka 14 basi, ila acha nafasi kidogo chini ya ile jumla.

#61 Bi Mkubwa wa Kisasa
Na mimi nina swali nje ya mada kidogo. Wageni wote mnawaonyesha chaneli moja anayochagua mtu wa mapokezi? Kwangu ilileta ugomvi. Chumba kimoja wanataka tamthilia ya Kituruki, kingine mechi, kingine taarifa ya habari. Mapokezi alikuwa anapigiwa simu kuliko polisi.

#62 Bin Seif
Bi Mkubwa, ukitumia modyuleta unaweza kuweka ving'amuzi vinne, kila kimoja na modyuleta yake na chaneli yake, unavikusanya kwenye waya mmoja kabla ya busta. Mgeni anabadilisha kwa rimoti ya TV. Tamthilia 30, mpira 33, habari 36, na moja ya watoto. Ila hapo lazima nguvu ya zote nne iwe sawa, moja ikipiga kelele inawafunika wenzake.

#63 Mwanasheria Mtaa
Na kila king'amuzi kina malipo yake ya biashara.

#64 Mkuu wa Kibanda
Kaa chini mkuu.

#65 Mzee Transista
Baba Vyumba, TV zako zikibonyezwa taarifa za mawimbi zinaonyesha nguvu na ubora. Hebu tusomee chumba cha 9 na cha 14.

#66 Baba Vyumba
Mzee, nimesoma. Cha 14: nguvu 81, ubora 100. Cha 9: nguvu 98, ubora 62. Nimeshaweka 16-QAM ya Otieno.

#67 Fundi Mwinyi
98! Nilisema nini tangu namba 3? Inazidiwa.

#68 Mjomba Chenga
Nguvu imejaa, ubora mbovu. Huo ni waya unaookota uchafu. Vuta mpya.

#69 Dada Desibeli
Kipande cha robo ya wimbi kingeshusha nguvu, si kuipandisha. Ila ule mwambaa wa nguvu kwenye TV unapima kila kinachoingia, pamoja na uchafu. Vunja ile plasta ya dirishani tuone kuna nini.

#70 Ngosha wa Igoma
Hizo namba umezisoma saa ngapi?

#71 Baba Vyumba
Saa 4 asubuhi.

#72 Ngosha wa Igoma
Soma tena saa 2 usiku, taa ikiwa imewaka.

#73 Kisiki Mkavu
Na mlinzi awe ndani ya chumba.